Benchi la ufundi lilianza na beki wa kulia: habari ya Donald Colman wa Aberdeen

Ukisikiliza mpira redioni, ni nadra mechi ipite bila kusikia maneno haya: "Benchi la ufundi lote limesimama!" Mtangazaji anakueleza kocha ametoka kwenye kibanda chake, anapunga mikono, anamwita beki asogee. Sisi wenyewe tunayatamka maneno hayo kila wiki bila kufikiri mara mbili.

Kisha msikilizaji wetu mmoja akatuma ujumbe mfupi: "Ndugu watangazaji, hicho kibanda wanachokaa makocha pembeni ya uwanja alikianzisha nani? Na mbona vingine vimechimbwa chini kama shimo?" Hewani hatukuwa na jibu. Tukaahidi kulitafuta, na ahadi ni deni.

Jibu linatupeleka mbali, Scotland, nchi ya kaskazini mwa kisiwa cha Uingereza, zaidi ya miaka 90 iliyopita. Aliyekianzisha hakuwa fundi wa ujenzi wala tajiri mwenye klabu. Alikuwa beki wa kulia wa zamani, Donald Colman. Huyu ni mtu ambaye klabu yake ilimwacha akikaribia miaka 29, umri ambao mabeki wengi wa siku zile walikuwa wanaanza kufikiria kazi nyingine. Aliokotwa na klabu ya mji wa baridi kali kando ya bahari, akawa nahodha, akavaa jezi ya taifa, na uzeeni akaupa mpira kitu tunachokiona leo katika kila uwanja mkubwa duniani.

Twende naye hatua kwa hatua.

Mtoto wa kijiji cha mabingwa

Donald alizaliwa tarehe 14 Agosti 1878 katika kijiji cha Renton, magharibi mwa Scotland. Kilikuwa kijiji cha wafanyakazi wa viwanda. Bonde lile la mto Leven lilijulikana kwa kazi moja, kupaka vitambaa rangi nyekundu iliyoiva, na vitambaa hivyo viliuzwa nchi za mbali.

Lakini Renton ilijulikana pia kwa mpira. Usione udogo wa kijiji: timu ya Renton ilichukua Kombe la Scotland mwaka 1885, ikalichukua tena mwaka 1888. Mwaka huohuo wa 1888 ilicheza na West Bromwich Albion, waliokuwa wameshinda Kombe la FA la England. Renton ikawafunga mabao 4 kwa 1, na wanakijiji wakajitangaza kuwa mabingwa wa dunia. Siku hizo Kombe la Dunia halijaanzishwa, na nje ya Uingereza timu za maana zilikuwa chache mno, kwa hiyo hakukuwa na wa kuwabishia.

Donald alikuwa mtoto wa miaka 9. Unajua mtoto wa umri huo anavyokuwa timu ya kijijini kwake ikishinda. Hulala na mpira kitandani.

Bahati mbaya, alipofikia umri wa kucheza, mambo ya Renton yalikuwa yameanza kuharibika. Ligi ya Scotland ilianza mwaka 1890, na mwaka 1893 klabu ziliruhusiwa rasmi kuwalipa wachezaji. Klabu za miji mikubwa zenye mashabiki wengi zilikuwa na fedha. Kijiji hakikuwa nazo. Mwaka 1897 Renton ikajitoa kwenye ligi. Timu iliyojiita bingwa wa dunia haikudumu hata miaka kumi baada ya kujiita hivyo.

Jina la bibi

Hapa kuna jambo ambalo wasikilizaji wengi watalielewa haraka. Jina alilopewa kwao lilikuwa Donald Cunningham. Colman lilikuwa jina la upande wa bibi yake. Inasimuliwa kwamba alilichukua ili baba yake asijue kuwa anacheza mpira.

Ni wangapi kati yetu tumewahi kuficha viatu vya mpira chini ya kitanda, au kusema tumetumwa kisimani kumbe tuko uwanjani? Wakati ule wazazi wengi waliona mpira kama uhuni na kupoteza muda wa kazi. Tofauti ni kwamba Donald hakulirudisha jina. Alianza kulitumia kwa kujificha, na hatimaye ndilo lililoandikwa kwenye vitabu vya historia.

Miaka mingi kwenye mpira mdogo

Usidhani alipanda haraka. Kwa miaka mingi Colman alicheza kwenye kile ambacho Scotland wanakiita mpira wa "junior", na timu yake moja ilikuwa Maryhill ya jijini Glasgow. Tufafanue hapa, maana neno hilo linapotosha. Kwa Scotland halikuwa na maana ya watoto wala vijana wadogo. Ilikuwa ngazi ya chini ya mpira wa watu wazima, yenye timu za mitaa, za migodini na za viwandani. Mtu angeweza kucheza huko mpaka akazeeka.

Yeye aliingia mpira wa juu mwaka 1905, alipochukuliwa na klabu ya Motherwell. Alikuwa na miaka 27 au karibu na hiyo. Alikaa misimu miwili, kisha mwaka 1907 Motherwell ikamwachia aende zake.

Fikiria hali yake. Umechelewa kuanza, umepata nafasi moja, na nafasi hiyo imekwisha. Wakati ule hapakuwa na wakala wa kukutafutia timu, wala video za kuwatumia makocha. Klabu ikikuacha, ulisubiri barua ya klabu nyingine au ulirudi kiwandani.

Barua ilikuja, kutoka Aberdeen.

Mpira wenyewe ulivyokuwa

Kabla hatujaingia Aberdeen, tuelewe kwanza kazi ya beki wa siku hizo, kwa sababu bila hiyo hutaelewa wazo la kibanda lilitoka wapi.

Leo tumezoea mabeki wanne, wakati mwingine watano. Zama za Colman timu ilipangwa hivi: kipa mmoja, mabeki wawili tu, viungo watatu na washambuliaji watano. Hesabu washambuliaji: watano! Mabeki wawili walibaki nyuma, mmoja kulia na mmoja kushoto, wakisaidiwa na viungo watatu walio mbele yao.

Sheria ya kuotea nayo ilikuwa tofauti. Leo mshambuliaji hajaotea ikiwa wapinzani wawili, kwa kawaida kipa na beki mmoja, wako kati yake na mstari wa goli, au wako sambamba naye. Mpaka mwaka 1925 walihitajika watatu. Maana yake, beki mmoja akipiga hatua mbele kwa wakati sahihi, mwenzake akabaki nyuma, mshambuliaji anakamatwa kaotea. Kazi hiyo ilihitaji akili kuliko mbio. Beki alipaswa kujua mpira utapigwa saa ngapi kabla haujapigwa.

Atajuaje? Kwa kutazama miguu. Mtu akitaka kupiga mpira mrefu, mguu wake wa kusimamia hukaa mahali fulani na nyonga hufunguka. Akitaka kukupita, uzito wake huhamia upande mmoja kwanza. Macho yanaweza kudanganya, mabega yanaweza kudanganya, lakini mguu uliobeba uzito wa mwili haudanganyi. Beki mzoefu anausoma.

Kuna mambo mengine mawili ya kukumbuka. Hapakuwa na mchezaji wa akiba. Waliingia kumi na mmoja, na mmoja akivunjika mguu, walibaki kumi. Na hakuna mtu aliyekaa pembeni kufundisha. Meneja alikaa jukwaani na wakubwa wa klabu, akiwa na suti yake na kofia. Pembeni ya uwanja alikuwepo mtu mmoja mwenye ndoo ya maji na sponji, kazi yake kukimbia uwanjani mchezaji akiumia. Mpira ukianza, wachezaji walikuwa peke yao.

Aberdeen yampokea

Aberdeen ni mji wa kaskazini-mashariki mwa Scotland, kando ya Bahari ya Kaskazini. Nyumba zake nyingi zimejengwa kwa mawe magumu ya kijivu, na upepo unaotoka baharini hauna huruma. Klabu ya Aberdeen ilikuwa changa, imeundwa mwaka 1903 kwa kuunganisha klabu tatu za mji huo. Uwanja wake unaitwa Pittodrie, na uko jirani kabisa na bahari. Meneja wa kwanza alikuwa Jimmy Philip, naye ndiye aliyemchukua Colman mwaka 1907.

Kilichofuata ni mfano wa mtu aliyepata udongo wake. Colman akawa beki wa kulia wa kudumu, kisha nahodha. Upande wa kushoto alicheza Jock Hume, na wawili hao wakaelewana kama mapacha. Ukirudi kwenye ile sheria ya kuotea utaona umuhimu wake: mabeki wawili wasipoelewana, mmoja anapanda na mwenzake hajui, goli liko wazi. Wakielewana, washambuliaji watano wanakuwa kama hawapo.

Msimu wa 1910 hadi 1911 Aberdeen ilimaliza ya pili kwenye ligi, nyuma ya Rangers ya Glasgow. Kwa klabu yenye umri wa miaka 8 lilikuwa jambo kubwa, kwani mpira wa Scotland ulitawaliwa na Rangers na Celtic, kama unavyotawaliwa mara nyingi hata leo.

Mwaka huohuo wa 1911, timu ya taifa ikamwita. Alikuwa na miaka 32. Mtu aliyekuwa kwenye mpira wa mitaa mpaka miaka 27, aliyeachwa akikaribia 29, sasa anavaa jezi ya nchi. Aliichezea Scotland mechi nne kati ya 1911 na 1913.

Mechi moja tunaomba uikumbuke, tutairudia mbele. Tarehe 1 Aprili 1911 Scotland ilicheza na England katika mji wa Liverpool. Hiyo ndiyo mechi iliyokuwa kubwa kuliko zote siku hizo, watani wa jadi hasa. Matokeo yalikuwa 1 kwa 1. Uwanja uliotumika uliitwa Goodison Park, nyumbani kwa klabu ya Everton.

Vita, na miguu isiyotaka kupumzika

Mwaka 1914 Vita ya Kwanza ya Dunia ikaanza. Ligi ya Scotland iliendelea, lakini kwa shida. Vijana walikwenda vitani, mashabiki wakapungua, fedha ikakauka. Mwaka 1917 Aberdeen ikajitoa kwenye ligi, ikarudi mwaka 1919 vita ilipokwisha.

Ungedhani Colman naye angetundika njumu hapo. Hakufanya hivyo. Alirudi akaicheza Aberdeen hadi mwaka 1920, akiwa ameshapita miaka 40. Kisha akaenda Dumbarton, klabu iliyo karibu na kijiji alichozaliwa, akiwa mchezaji na mwalimu kwa pamoja.

Alifundisha pia Norway. Nchi ile ina majira ya baridi makali, hivyo mpira wake unachezwa kiangazi, wakati ambapo wachezaji wa Scotland walikuwa mapumzikoni. Msimu ukiisha kwao, Colman alivuka bahari na kwenda kufundisha.

Alichokuwa anakipenda kilijulikana. Mbali na mpira, alivutiwa na ndumi na dansi. Mwanzoni unaweza kujiuliza ngumi na dansi vinahusiana nini na beki wa kulia. Fikiri tena. Bondia asiyejua kuweka miguu anapigwa. Mcheza dansi asiyejua kuweka miguu anaanguka. Kwa Colman mambo hayo yote matatu yalikuwa kitu kimoja: yote yanaanzia chini, kwenye mguu.

Shimo la Pittodrie

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Colman alikuwa amerudi Aberdeen, safari hii akiwa mkufunzi wa wachezaji chini ya meneja Pat Travers. Alikuwa na miaka zaidi ya 50. Kazi yake ilikuwa kuwaweka wachezaji sawa kimwili na kuwafundisha.

Yeye hakutaka kukaa jukwaani. Alitaka kuwa pembeni ya uwanja, karibu na wachezaji, na alitaka kuandika. Alikuwa akiandika anachokiona: nani anaweka mguu vibaya, nani anachelewa kugeuka, nani amechoka kabla ya wakati. Baada ya mechi alikuwa na maneno ya kumwambia kila mtu.

Akakutana na matatizo mawili.

La kwanza ni hali ya hewa. Tumesema Pittodrie iko kando ya Bahari ya Kaskazini. Mvua ikija na upepo, karatasi inalowa, wino unatiririka, na ulichoandika kinapotea. Alihitaji paa.

La pili ni urefu wa macho. Ukisimama pembeni ya uwanja unaona vichwa, mabega na migongo ya watu. Miguu inafichana. Ukiwa jukwaani juu, unaona uwanja mzima ulivyopangika, lakini mguu wa mchezaji unakuwa mdogo kama kijiti cha kiberiti. Colman alitaka macho yake yawe karibu na usawa wa miguu yenyewe.

Suluhisho likawa moja kwa matatizo yote mawili. Kikachimbwa kibanda pembeni ya uwanja, sehemu yake ikiwa chini ya usawa wa nyasi, na juu kikaezekwa. Ukikaa ndani, nyasi ziko karibu na macho yako, miguu ya wachezaji inapita mbele yako, na daftari lako ni kavu.

Basi msikilizaji wetu, hilo ndilo jibu la swali lako la pili. Vile vibanda vilichimbwa chini ili mtu aone miguu.

Sifa za kuanzisha kibanda hicho katika mpira anapewa Colman, na Pittodrie inahesabiwa kuwa uwanja wa kwanza kuwa nacho.

Everton waona, wachukua

Je, wazo la mji wa mbali kiasi hicho lilienea vipi? Kwa njia ambayo mawazo mengi huenea, mgeni aliona akakipenda.

Everton walikwenda Aberdeen kucheza mechi ya kirafiki Pittodrie. Wakakiona kile kibanda. Waliporudi Liverpool, wakajenga vyao kwenye uwanja wao, na mwaka unaotajwa ni 1931. Vilikuwa vya kwanza nchini England. Na uwanja wenyewe ulikuwa Goodison Park.

Ndiyo, uleule. Uwanja ambao Colman alicheza dhidi ya England mwaka 1911 akiwa beki mwenye miaka 32, ndio uliopokea wazo lake miaka 20 baadaye. Safari hii hakuhitaji hata kusafiri.

Jina la Everton si geni huku kwetu. Mwezi Julai 2017 timu hiyo ilikuja Dar es Salaam, ikacheza na Gor Mahia ya Kenya kwenye Uwanja wa Taifa, na Wayne Rooney akafunga bao la mbali ambalo watu wanalikumbuka mpaka leo. Siku ile makocha wa timu zote mbili walikaa kwenye mabenchi yao pembeni ya uwanja. Wachache kati yetu tuliokuwa tukifuatilia tulijua kwamba klabu iliyokaa kwenye benchi moja ndiyo iliyolitoa wazo hilo Scotland na kulipeleka England, ambako mpira wake ulitazamwa na dunia.

Kutoka daftari hadi jeshi la watu

Kibanda cha Colman kilikuwa cha mtu wa kutazama. Polepole kikawa kitu kingine.

Mwaka 1965 ligi ya England iliruhusu mchezaji wa akiba, kwanza kwa ajili ya aliyeumia, na Scotland ikafuata mwaka 1966. Ghafla kibanda kilihitaji nafasi ya mchezaji mwingine. Sheria ikaendelea kulegezwa, akawa mchezaji mmoja, wakawa wawili, wakawa watatu, na leo mashindano mengi yanaruhusu watano waingie.

Mameneja nao wakashuka kutoka jukwaani, wakaja kukaa karibu na mpira. Kisha wakaanza kusimama, kisha kutembea, kisha kupiga kelele. Ikabidi sheria iwawekee mipaka. Mwaka 1993 likaingia kwenye sheria za mpira lile eneo lenye mistari ya vitone mbele ya benchi, ambalo kocha akilivuka mwamuzi humwonya.

Leo kwenye benchi hukaa kocha mkuu, wasaidizi wake, kocha wa makipa, daktari na wachezaji wa akiba. Viwanja vingi vipya havichimbi tena shimo. Viti vinawekwa usawa wa nyasi, au vinapandishwa kuingia jukwaani. Kuna sababu ya msingi: ukikaa chini sana, huoni umbali kati ya beki na beki, wala huoni nafasi iliyo wazi upande wa pili wa uwanja. Ndiyo maana klabu kubwa huweka mtu wao juu jukwaani, mwenye kompyuta, akitazama mpangilio na kupeleka habari chini.

Je, hiyo ina maana Colman alikosea? Hatuoni hivyo. Yeye hakuwa anatafuta mpangilio wa timu nzima. Alikuwa anatafuta kosa la mtu mmoja kwenye mguu mmoja, ili Jumatatu amrekebishe. Kila mahali pa kukaa pana kitu panachoonyesha na kitu panachoficha. Yeye alijua anachotaka kukiona, na akachimba kuelekea hapo.

Donald Colman alifariki mwaka 1942, katikati ya Vita ya Pili ya Dunia, akiwa na miaka 64.

Sisi tunachukua nini hapa

Tunajua wengi mnaosoma hapa mna timu kijijini au shuleni. Baadhi yenu ndio makocha wenyewe, bila mshahara, mnajitolea jioni baada ya shamba. Uwanja hauna benchi. Kuna gogo chini ya mwembe, na kocha akisimama pembeni anazungukwa na watu thelathini, kila mmoja anafundisha: "Mtoe huyo! Piga mbele! Refa huoni?" Mechi ikiisha, kinachokumbukwa ni bao na ugomvi.

Habari ya Colman inatupa mambo matatu yasiyohitaji fedha.

La kwanza, chukua daftari. Daftari la shule linatosha. Andika wakati mechi inachezwa, usingoje iishe, kwa sababu ukishangilia bao la dakika ya 80 utasahau beki wako alipitwa mara tatu kipindi cha kwanza kwa kosa lilelile.

La pili, kaa chini na utazame miguu. Chagua mchezaji mmoja kwa dakika kumi, usitazame mpira kabisa, mtazame yeye tu. Anasimama kwa mguu gani kabla ya kugeuka? Akipokea pasi, mwili wake umefungwa au umefunguka? Utaona mambo ambayo hukuwahi kuyaona kwa mchezaji unayemfahamu tangu utoto.

La tatu linahusu umri. Kila msimu tunasikia kijana wa miaka 22 au 23 akiambiwa, "Wewe umeshapitwa." Anaacha mpira, au anaendelea akiwa amekata tamaa. Hatusemi kila aliyechelewa atafika timu ya taifa. Wengi hawafiki, na Colman mwenyewe alihitaji meneja mmoja wa mji wa mbali aone walichokiona wachache. Lakini aliyekuwa amechelewa ndiye aliyecheza mpaka akapita miaka 40. Na miaka ile aliyoitumia kwenye mpira mdogo haikupotea. Ilikuwa miaka ya kujifunza kusoma mguu wa mtu mwingine, na elimu hiyo ndiyo iliyozaa kile kibanda.

Kwa hiyo ukitusikia Jumamosi tukisema benchi la ufundi limesimama, mkumbuke mzee mmoja wa Aberdeen, kwenye upepo wa bahari, daftari mkononi, macho usawa wa nyasi. Yeye hakusimama. Alikaa chini makusudi, ili aone vizuri.

Kama una swali jingine la aina hiyo, tutumie ujumbe kama kawaida. Tusipokuwa na jibu hewani, tutalitafuta.